Yale Aliyoyasema Tamar Birkett

Tamar Birkett alifua nguo za mshairi kwa miaka ishirini na mitatu, na katika muda huo wote hakusoma hata mstari wake mmoja, kwa kuwa hakujua kusoma. Jambo hilo halikumnyima usingizi. Nguo chafu za mshairi ni sawa na nguo chafu za mchunga kondoo, isipokuwa mshairi husahau makaratasi mifukoni. Kuna siku aliloweka kizibao cha Bwana Selwood katika maji ya majivu pamoja na shairi zima la masika, na kutwa nzima watu wa nyumba ile walinyata kana kwamba kuna maiti ghorofani.

Nyumba ya akina Selwood ilikuwa upande wa juu wa ziwa, na ilikuwa nyumba ya barua. Wengine hurithi kondoo. Wale walirithi ugonjwa wa kuandika. Bibi Selwood akienda kwa dada yake huko Penrith kukaa siku tatu, barua tatu zilimfuata, na yeye alijibu nne. Karatasi moja iliandikwa na watu wanne, kila mtu na pembe yake, na ikijaa waligeuza upande wakaandika tena juu ya maandishi yale yale, mistari ikakatana kama kitambaa kwenye mtambo wa mfumaji. Macho ya tarishi yalitoka machozi kwa kuitazama tu anwani.

Na barua haikuwa mali ya mtu mmoja. Ikifika, ilisomwa mezani wakati wa chai ya asubuhi, mbele ya mgeni yeyote aliyekuwapo. Na iliyokuwa ikitoka, kabla ya kupelekwa, ilisomwa vivyo hivyo, watu wakasifu hapa, wakalia pale. Bwana Selwood akiipenda sana alimpa binti yake Lavinia ainakili, maana mwandiko wake mwenyewe ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino akapita. Lavinia wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, kimya, vidole vimechafuka wino hadi kwenye vifundo.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoiendea Tamar siku alipohitaji mtu wa kumwandikia mwanawe. Angekwenda wapi kwingine? Mwenye kiu haupiti mto.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Tamar na mumewe Joss walikuwa na wana wawili, Lanty na Isaac, na wote watatu, baba na wana, walifanya kazi katika machimbo ya mawe ya kuezekea. Kazi ile mtu huning'inia kwa kamba mbele ya jabali, na mwenzake hukaa juu akiishika. Mwezi wa Novemba Isaac alining'inia, Lanty akashika. Isaac akaanguka. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Joss alipofika chini alimkuta Isaac amelala na kamba imemwangukia kifuani, imesagwa na mawe hata ncha yake haisemi kitu, na Lanty anakuja mbio akiteremka, mikono mitupu.

"Imekatika, baba," Lanty alisema. "Imekatika mikononi mwangu."

"Kipande chako kiko wapi?"

"Nimekitupa. Nilikuwa nakimbia."

"Hukukitupa. Uliiachia."

Wakatafuta juu kule, hawakuona kitu, halafu theluji ikaanguka ikafunika kila kitu. Joss hakumpiga mwanawe. Afadhali angempiga. Alikaa naye meza moja mwezi mzima bila kumpa neno, na siku ya nne baada ya Krismasi akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi siwezi kula na mtu aliyemwachia ndugu yake." Asubuhi yake Lanty alikuwa ameshaondoka. Alikwenda Liverpool, na kutoka huko akapanda meli hadi ng'ambo, kwenye misitu ya mto Miramichi, kukata magogo.

Theluji ikayeyuka. Aprili, Joss akiwa juu kule peke yake, aliona kitu katika ufa wa jabali. Kilikuwa kipande cha juu cha kamba, kimeteleza humo kikakwama, na ncha yake imechanikachanika, imeliwa na ukingo wa jiwe. Alikibeba akaja nacho nyumbani saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakilaza mezani mbele ya mkewe.

"Tazama," alisema.

Tamar alitazama. Hakuhitaji kuelezwa.

"Hakuiachia," Joss alisema. "Ilikatika. Mtoto alisema kweli, nami nikamfukuza." Kisha mtu yule mgumu, ambaye hata juu ya kaburi la Isaac hakutoa chozi, aliweka kichwa chake mezani kando ya kile kipande cha kamba akalia kwa sauti.

Kesho yake machimbo yote yalijua. Joss alizunguka akimwambia mtu mmoja mmoja, hata wale aliogombana nao. Bonde zima likajua kwamba Lanty Birkett hana kosa. Aliyebaki hajui ni Lanty mwenyewe.

Barua yake ya kwanza ilifika Juni. Alikuwa amejifunza kuandika katika shule ya Jumapili, kwa hiyo ilikuwa fupi. Bwana Selwood alimsomea Tamar pale chumbani mwake, amesimama karibu na dirisha: *Mama, mimi ni mzima. Je, baba bado anasema vile? Nikijua hasemi tena nitarudi.*

"Ooh, Tamar," alisema Bwana Selwood, na macho yake yalikuwa yamelowa tayari. Ni mtu aliyelia upesi, na simsemi kwa ubaya. Machozi yake yalikuwa ya kweli. "Kaa. Kaa hapa kwenye kiti changu. Niambie unataka kumwambia nini."

Tamar hakukaa, maana aproni yake ilikuwa imeloa. Alisimama akasema maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha na Joss. "Mwambie kamba ilikatika. Baba yake amekiona kipande, kimo nyumbani. Mwambie hakuiachia, na kila mtu anajua hakuiachia. Baba yake anasema kosa ni lake yeye baba. Arudi."

"Basi?"

"Basi, bwana. Ah, na mwambie jogoo wake amekufa. Alikuwa mzee."

Bwana Selwood alimshika mkono wenye povu akaubana. "Nenda, Tamar. Niachie mimi. Barua hii nitaiandika kama namwandikia mwanangu."

Naye aliiandika siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu ikasomwa mezani, kuna wageni kutoka London, na Tamar alikuwa nyuma akichemsha mashuka. Dinah, mpishi, alikuja mbio na vyombo.

"Mwenzangu! Umewaliza! Yule mama wa London ameomba leso ya pili."

"Kwa barua yangu?"

"Kwa barua yako! Hata yule mumewe mwenye tumbo, kijiko kimemkaa hewani. Leo wewe ndiye bibi wa nyumba, sisi wengine tufue."

Tamar alicheka, akajifuta uso kwa mkono. Alijisikia fahari, kusema kweli. Hakuomba asomewe. Nani angemwomba bwana asome mara ya pili kwa ajili ya dobi? Na tena, kulikuwa na haja gani? Maneno aliyoyajua mwenyewe yatamwambia nini jipya?

Jibu lilikuja Novemba. *Mama, nimepata barua yako. Ni nzuri sana. Mshukuru baba. Mimi ni mzima na huku kazi ipo.*

"Hajasema anakuja lini?" aliuliza Tamar.

"Atasema," alisema Bwana Selwood. "Moyo wa kijana ni kama mto wakati wa barafu, Tamar. Unakwenda chini kwa chini."

Tamar hakutaka habari za mto. Mwaka wa pili akaomba aandikiwe tena: mwambie baba yake anamngoja. Mwaka wa nne tena: mwambie baba yake anakohoa. Mara zote mbili Bwana Selwood aliandika kwa moyo wake wote, na mara zote mbili majibu yalikuja mafupi, ya heshima, baridi kama sakafu ya kanisa. Baadaye Lanty alituma salamu kila Krismasi, na baadaye kila baada ya Krismasi mbili.

Joss alitengeneza upya kitanda cha Lanty, akabadilisha kamba zake za chini, akakiweka pale kilipokuwa. Kila meli ikisemwa imefika Whitehaven alitafuta sababu ya kuteremka hadi njia panda. Mapafu ya wachimba mawe hayadumu, na yake yalikwisha baridi ya mwaka wa saba. Siku ya mwisho alimshika Tamar kifundo cha mkono.

"Nilimwambia kamba ilikatika," alisema. "Nilimwambia kosa ni langu. Anataka nini tena kwangu?"

"Atakuja."

"Amenikataa, Tamar. Haki yake."

Alikufa akiamini hivyo. Naye Tamar, Mungu amsamehe, aliamini hivyo pia, na kwa miaka mingi kulikuwa na kijiwe cha hasira moyoni mwake juu ya mwanawe. Aliendelea kumwombea kila usiku, lakini alimwombea kama mtu anayemlipa deni mtu asiyempenda.

Bwana Selwood alifariki miaka kumi na saba baada ya barua ile ya kwanza, na magazeti yakaandika. Mtu akishazikwa, jamaa zake hugawana vitu. Bi Lavinia, ambaye hakuolewa, alichukua barua. Aliazimia kuzikusanya zote katika kitabu, barua za mshairi na za nyumba yake, akaanza kuwaandikia watu kila upande awaombe wampe kwa muda zile walizonazo. Zikaja kwa vikapu. Siku moja alikwenda nyuma kwenye mapipa ya kufulia.

"Tamar, nimemwandikia na Lanty. Barua za baba kwake zilikuwa miongoni mwa nzuri kuliko zote. Nitakuweka kitabuni."

"Mimi? Na aproni?"

"Na aproni."

"Basi umwambie mama yake bado anafua," alisema Tamar.

Oktoba iliyofuata Bi Lavinia alikuja hadi nyumbani kwa Tamar kwa miguu, katika mvua. Hakuwahi kufanya hivyo. Tamar alifungua mlango akaona bahasha mkononi mwake, na juu ya bahasha muhuri wa lakiri nyeusi. Huku kwetu lakiri nyeusi ni ya msiba, haihitaji msomaji. Tamar alirudi nyuma hatua mbili akakaa juu ya kitanda cha Lanty.

"Nisomee," alisema.

"Tunaweza kungoja kidogo, Tamar. Unywe chai kwanza."

"Nisomee, Bi Lavinia."

Ilikuwa imeandikwa na mwanamke jina lake Elspeth, mke wa Lanty. Alisema mumewe alifariki mwezi wa Aprili, magogo yaliyosongamana mtoni yalipofumuka, na kwamba hakuteseka. Alisema wana watoto watatu. *Barua mnazoziomba ni hizi, alizitunza ndani ya Biblia. Alikuwa akitusomea Jumapili, nasi tulizipenda sana, lakini hakuweza kuimaliza hata moja, alikuwa akitoka nje. Mara nyingi nilimwambia twende kwenu. Alisema: Kwetu mimi ni muuaji aliyesamehewa, Elspeth, afadhali niwe mgeni hapa. Mkubwa wetu, Isaac, ana miaka kumi na minne, na amesikia habari hiyo kwa watu. Ananiuliza kama ni kweli baba yake alimwachia ndugu yake. Sijui nimjibu nini.*

Tamar alilia, kama mama anavyolia, hilo sitalieleza. Bi Lavinia alikaa karibu naye, koti linachuruzika maji. Ilipita saa nzima, moto ukaanza kufifia, na Tamar akainua uso.

"Rudia pale."

"Pale wapi?"

"Pale pa muuaji."

Bi Lavinia alirudia.

"Aliyesamehewa nini?" Tamar aliuliza. "Nani alimsamehe? Sisi hatukumsamehe. Tulimwambia hakufanya. Hizo barua unazo? Nisomee ya kwanza. Nataka kusikia nilichomwambia mwanangu."

Bi Lavinia hakuifungua mara moja. Aliishika mapajani akaipapasa mikunjo. Kisha akasoma, bila sauti yake ya mezani: *Mwanangu mpenzi, milima iliyokulea ingali inalitafuta jina lako. Kila jioni ukungu ushukapo ziwani, naona kivuli chako katika kila kivuli…* Ikaenda hivyo ukurasa mzima. Tamar alingoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja gari la posta kwenye njia sahihi. Ukurasa wa pili ukafika: *Baba yako, ambaye hasira yake ilikuwa baridi kama Januari, ameyeyuka. Ameyasamehe yote. Usimwogope tena, ewe mwana uliyepotea. Kosa lako limezikwa pamoja na yule tuliyemzika. Rudi, upokee msamaha wake kwenye kizingiti.* Na ukurasa wa tatu ulikuwa wa nyota.

Ikaisha. *Mama yako, Tamar Birkett.*

"Na kamba?" alisema Tamar.

Bi Lavinia aliikunja karatasi.

"Kamba iko wapi? Umeruka mahali?"

"Sikuruka."

"Katika zile nyingine mbili?"

"Haimo, Tamar. Nimezisoma zote jana." Bi Lavinia alivuta pumzi. Alikuwa na miaka karibu thelathini, lakini uso ulimrudia ule wa mtoto. "Mimi nilikuwamo chumbani siku ile. Nilikaa chini ya dirisha, nachonga kalamu. Nilikusikia ukisema kamba ilikatika. Baba alipotoa ukurasa wake ninakili, nikamwuliza, Baba, na kamba? Na jogoo? Akacheka, akanipapasa kichwa. Akasema: Mwanangu, katika barua kama hii kamba haina mahali pa kukaa. Nikanakili. Huu ni mwandiko wangu, Tamar. Tazama. Ni mwandiko wangu."

Tamar alitazama mwandiko ule asioweza kuusoma. Alimfikiria Joss pale njia panda, na Lanty akitoka nje kila Jumapili, baba na mwana, kila mmoja anamwona mwenziwe ndiye mgumu. Alifikiria kijiwe chake mwenyewe cha hasira, alichokibeba miaka yote hiyo dhidi ya mtoto ambaye hakufanya lolote ila kuamini alichoandikiwa. Hilo ndilo lililomuuma kupita yote, na alilisema wazi: "Nilimkasirikia. Nilimkasirikia mwanangu mpaka amekufa."

"Nisamehe, Tamar," alisema Bi Lavinia, analia sasa. "Nakuomba unisamehe."

"Sikusamehi," alisema Tamar.

Bi Lavinia akainamisha kichwa.

"Inua uso. Sikusamehi kwa kuwa huna kosa. Ulikuwa mtoto, uliuliza, ukaambiwa nyamaza. Unanisikia? Hukufanya. Usije ukaenda kwako ukasema Tamar amenisamehe."

"Na baba?"

"Baba yako aningoje," alisema Tamar. "Tutaonana naye, si miaka mingi. Yeye nina maneno naye." Akafuta pua kwa ncha ya shali yake. "Una karatasi?"

Bi Lavinia alikuwa nayo. Watu wale hawakutembea bila karatasi hata mvuani. Akasogea mezani. Tamar akasema, naye akaandika, na mara mbili kalamu ilisita kutafuta neno zuri zaidi, na mara zote mbili Tamar, ambaye hakujua kusoma kalamu lakini alijua kusoma watu, alisema, "La. Kama nilivyosema." Ilipokwisha, Bi Lavinia akatoa lakiri.

"Usiifunge," alisema Tamar. "Niache nayo."

Bi Lavinia alielewa. Uso ulimwiva. Aliikunja karatasi mara moja tu akampa. Barua zile tatu hakuziweka kitabuni. Waliozijua waliuliza, na yeye alijibu kwamba hazikuwa za baba yake.

Asubuhi mvua ilipopungua, Tamar alivaa shali yake, akatembea maili moja na nusu hadi kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, Bwana Fleming, mzee kiziwi wa sikio moja aliyemfundisha Lanty kuandika. Alimkuta anakula mkate wa shayiri na jibini.

"Nisomee hii," alisema kwa nguvu, upande wa sikio zima. "Soma kilichoandikwa tu."

Mzee alivaa miwani akasoma, neno kwa neno, kama asomavyo matangazo ya kanisani:

"*Isaac. Mimi ni bibi yako, mama wa baba yako. Baba yako hakumwachia ndugu yake. Kamba ilikatika kwenye jiwe. Babu yako alikiona kipande, na mimi nimekiona. Babu yako alisema kosa ni lake, akamngoja baba yako mpaka akafa. Tulimwandikia hayo lakini hayakufika. Waambie na wadogo zako. Tamar Birkett.*"

Bwana Fleming alivua miwani. Alikuwapo bondeni miaka ile yote. Alijua kamba ilikatika, kama kila mtu alivyojua. Alitazama karatasi, akamtazama mwanamke yule.

"Lanty hakujua?" alisema.

"Hakujua."

Mzee aliweka kidole mwisho wa karatasi. "Pana nafasi tele hapa chini, Tamar. Niongeze neno? La rambirambi, au la Maandiko?"

"Usiongeze," alisema Tamar. "Soma tena."

Akasoma tena.